Kiti cha Baba Mkwe

Gisenyi, 14 Februari 1999

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na cherehani yako na wale mbuzi wawili uliosema ukiwauza utakuwa umeuza ndugu. Huku hatujambo. Dada Mutoni amepata kazi ya kufundisha darasa la pili, na sasa anafundisha hata nyumbani. Juzi alinirudisha nje kwa sababu niliingia bila kupiga hodi. Barabara ya Ruhengeri imetulia, watu wanasafiri. Mimi bado niko kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nauza saruji na misumari.

Habari kubwa ni kwamba nimepata mchumba. Anaitwa Liliane, wa Rubona, kule bandarini. Baba yake, mzee Bahizi, ni mtu wa mpakani: nusu ya ukoo iko Goma, nusu huku, na Kiswahili chao ni kile cha Goma, si chetu cha Karagwe ulikotulea. Siku aliponikubali alinipa baiskeli. Usifikirie baiskeli ya kubebea ndizi, Shangazi. Ni ya mashindano, tairi nyembamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, na kiti cha ngozi ngumu ambacho ukikitazama kwa mbali unaweza kudhani mtu amesahau kisu pale. Mwaka 1969 mzee alishindana nayo kutoka Goma hadi Sake na kurudi, akawa wa pili.

Hakunipa hivihivi. Alinipa kama ng'ombe wa urafiki anavyotolewa kwetu, kwa pombe, mashahidi na hotuba. Ameiita Gaju, jina la ng'ombe mwekundu. Nikifika kwake huanza na hali ya Gaju kabla ya hali yangu. Kila Jumapili naipanda hadi Mudende na kurudi, ili mwezi wa nane niingie kwenye mbio za wafanyabiashara, maana mzee ameshawaambia watu kwamba mkwewe ni mashine.

Sasa kuna jambo dogo tu. Ile dawa uliyokuwa ukimchua Babu mguu ulipomfa ganzi, bado unaitengeneza? Mguu wangu unakufa ganzi kidogo nikitoka kwenye baiskeli. Mguu mmoja. Si jambo la kuongelea sana.

Mutoni anakusalimu, anasema mwandiko wako wa mwisho ulikuwa na makosa matatu.

Mwanao, Manzi


Kayanga, 9 Machi 1999

Mwanangu Manzi,

Marahaba. Mwambie Mutoni nilimfundisha mimi kushika kalamu na naweza kuja kumnyang'anya.

Mbuzi hawajambo. Mmoja amekula kitambaa cha suti ya mwenyekiti wa kijiji na sasa tunasubiri. Migomba imeshambuliwa na wadudu, lakini kahawa imechanua vizuri. Nimefurahi mpaka nikamsomea jirani barua yako. Liliane ni jina la mtu mpole. Na huyo Bahizi nampenda, ingawa ni mara ya kwanza kusikia mtu anagawa ng'ombe wa chuma.

Dawa nimemkabidhi Jack, dereva wa lori la maharage, kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Ndani mna mafuta ya ng'ombe, tangawizi, pilipili kichaa na majani ambayo hayakuhusu. Jichue asubuhi na jioni palepale penye ganzi. Tumia nguvu. Babu yako alikuwa analia, lakini alitembea. Nawa mikono ukimaliza, usiguse macho.

Hukuniambia ni mguu upi, wa kulia au wa kushoto.

Mimi shangazi yako, Resty


Gisenyi, 2 Aprili 1999

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na poleni kwa suti ya mwenyekiti. Huku mvua zimeanza, Mutoni ana mafua, saruji inagandia dukani na bosi ananilaumu mimi kana kwamba ndimi ninayenyesha.

Dawa ilifika. Asante. Ina nguvu.

Nilijichua Jumamosi mchana, kwa nguvu, kama ulivyoagiza, palepale penye ganzi. Kwa muda wa kusema Baba Yetu hakikutokea kitu. Halafu kikatokea. Nilitoka nyumbani bila viatu, Shangazi, nikakimbia hadi ziwani nikaingia na nguo zangu mpaka kiunoni, na nilikaa humo tangu saa saba hadi saa kumi. Wavuvi walikuja kuniuliza kama nimeokoka, maana kuna dhehebu linalobatiza pale. Nikasema ndiyo. Sasa Jumapili kuna mchungaji ananitafuta.

Kuhusu swali lako, si wa kulia wala wa kushoto. Ni juu ya goti. Juu zaidi kidogo ya hapo unapofikiri.

Kuna jambo jingine linanisumbua. Nikitoka Mudende napitia Rubona kumsalimu mzee, na kwa hali hiyo siwezi kukaa. Natumia kila hila. Nasema nanyoosha mgongo, nasema nataka kuangalia ziwa. Mama mkwe, Verediane, huniletea kiti, kisha kiti kizuri zaidi, kisha mto. Nakunywa pombe nimesimama. Juzi mzee alinitazama muda mrefu akasema, "Mutu mwenye anakataa kukaa mu nyumba ya mutu, iko na kitu moyoni." Liliane alikuwa mlangoni, akasikia, akaingia ndani.

Niombee.

Manzi


Kayanga, 20 Aprili 1999

Manzi,

Salamu zitafuata mwishoni. Juu ya goti panaitwa paja. Mimi ni fundi nguo kwa miaka thelathini, nimepima wanaume wa wilaya nzima, najua juu ya paja kuna nini. Kwetu shangazi ndiye anayeambiwa yasiyosemeka. Ukinificha mimi utamwambia nani, mchungaji wa ziwani? Mficha uchi hazai. Ungeandika ukweli mwezi wa pili, nisingekutumia pilipili.

Sasa soma polepole, na barua hii Mutoni asiione.

Kwanza, hicho kiti kiko sawa kama meza, au pua yake inatazama juu? Weka juu yake sahani yenye maji, uone yanakimbilia wapi. Pua ikiwa juu inakuchoma katikati, palipo na nyama laini na mishipa, na hapo ndipo ganzi inapoanzia. Ishushe kidogo, upana wa kidole, isizidi, la sivyo utateleza mbele na mikono itakufa ganzi badala yake.

Pili, kimo. Panda ukiegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke tu. Ikiwa unalazimika kuyumbisha nyonga ili ufike, kiti kiko juu mno na unajisaga mwenyewe kama mtama.

Tatu, mtu hakalii nyama, anakalia mifupa miwili. Hiyo mifupa ndiyo inatakiwa kubeba uzito. Kaa kwenye kitu laini kinachoshika alama, udongo mbichi kwa mfano, kisha pima kutoka shimo hadi shimo. Kiti kikiwa chembamba kuliko hapo, mifupa inaning'inia hewani na katikati ndiko kunakobeba uzito wote.

Nne, usikae kama mfalme. Kila ukimaliza kilima, simama kwenye pedeli uhesabu hadi ishirini, damu ipite.

Tano, unavaa nini? Kama ni kaptula yenye mshono katikati, umejifunga kamba mwenyewe. Nakushonea nyingine isiyo na mshono hapo, ndani nimeweka blanketi laini. Usivae chupi chini yake.

Usiniulize nimeyajuaje haya.

Hatujambo. Mbuzi amekitoa kitambaa, lakini mwenyekiti hakitaki tena.

Shangazi yako


Gisenyi, 6 Juni 1999

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa aibu, na pia kwa sababu Jack aligonga daraja huko Rusumo akalala wiki tatu akisubiri springi. Kaptula imefika. Inanikaa vizuri sana ila kwa nyuma inaonekana kama nimebeba mtoto. Wenzangu wa baiskeli walicheka Jumapili ya kwanza. Jumapili ya pili watatu waliniuliza anwani yako.

Sahani ya maji niliiweka. Maji yote yalinijia mimi. Pua ya Gaju inatazama juu kama mbwa anayenusa nyama ya jirani. Nilishusha upana wa kidole, nikapanda, na wallahi nilifika Mudende nikijisikia kama binadamu. Lakini mzee Bahizi akija mjini lazima amtazame Gaju. Alimshika shingo, akampapasa, akafika kwenye kiti akasimama. "Nani ameinamisha sele?" Nikasema labda ni mawe ya njiani. Akatoa spana mfukoni, Shangazi, anatembea nayo, akairudisha pua juu. "Gaju iko anaangalia mbele. Ng'ombe ya mutu hauikati pembe bila kumwambia."

Karenzi, fundi baiskeli wa sokoni, alinipatia kutoka Goma kiti kingine, kipana, kina mfereji katikati. Kipo chini ya kitanda changu. Kukifunga siwezi. Ni sawa na kupewa ng'ombe ukamkata kichwa ukambandika cha mbuzi.

Kuhusu kupima mifupa, hapa nimefanya kosa. Nyumbani hakuna faragha, maana Mutoni yuko kila mahali. Sasa mzee alikuwa amejenga benchi la saruji barazani kwake, la wageni wa sherehe yetu, ile siku ya gusaba ambapo ukoo wangu utakwenda kuomba mke. Nilifika wakati wote wamekwenda kanisani. Saruji ilikuwa mbichi, laini. Mimi nauza saruji, najua muda wake. Nikasema, Mungu ameandaa. Nikakaa, nikajikandamiza vizuri, nikapima kwa futi kamba. Sentimita kumi na tatu na nusu. Kiti cha Gaju, pale panapokaliwa, ni tisa.

Nilitaka kusawazisha nikakosa mwiko. Mzee aliporudi aliona mashimo mawili. Verediane alisema ni mbuzi, mzee akasema hajawahi kuona mbuzi anakaa. Jumapili iliyofuata benchi lilikuwa limeshika kama jiwe, na alikuwa ameita wanaume wote wa mtaa. Walipanga mstari. Kila mmoja alikaa kwenye mashimo, mzee akiinama kuangalia kama yanalingana. Mzee wa kanisa alikaa. Fundi mwashi alikaa mara mbili, akaapa. Kisha mzee akaniangalia mimi. "Manzi, kaa."

Nilikuwa nimetoka Mudende sasa hivi. Hata kama nisingekuwa na hatia, nisingeweza. Nikasema, "Mi niko muzuri hivi, baba." Akajibu, "Batu bote banakaa, we tu unasimama kama mulingoti. Basi." Akaingia ndani.

Sherehe ilikuwa ipangwe mwezi wa saba. Nimeomba tuisogeze mbele. Nimesema ni kwa sababu ya kazi.

Manzi


Kayanga, 1 Julai 1999

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kama nimefiwa, maana kwa mbali kicheko changu na kilio havitofautiani. Huku kiangazi kimeingia, tunachuma kahawa, na magoti yangu yanasema ukweli wa umri wangu.

Halafu nikasoma ule mstari wa mwisho na kicheko kikakatika. Duka la saruji lina kazi gani ya kuzuia mtu kuoa? Umemwomba mwanamke asubiri na hukumwambia anasubiri nini. Nakuuliza jambo moja na ujibu. Ukishuka kwenye baiskeli, ganzi inaondoka baada ya muda, au inakaa nawe hadi kesho yake?

Ikiwa inakaa, acha kupanda, hata kama ni Gaju, hata kama ni mbio, uende kwa muuguzi ukamwambie maneno yaleyale usiyotaka kuniambia mimi.

Resty


Gisenyi, 15 Agosti 1999

Shangazi,

Shikamoo. Mutoni ni mzima, mji ni mzima, sina habari nyingine za nyumbani.

Mbio zilikuwa jana. Najua ulisema niache, lakini barua yako imefika leo asubuhi, Jack ana bahati mbaya. Ilikuwa kutoka hapa hadi nusu ya njia ya Ruhengeri na kurudi, watu kumi na tisa. Mzee Bahizi alikuwa juu ya pikapu anapiga filimbi. Nilijua nikikaa sitafika, basi sikukaa. Nilisimama kwenye pedeli tangu mwanzo hadi mwisho, kupanda na kushuka. Watu barabarani wakafikiri ni maringo, wakaanza kuimba kwamba yule hahitaji kiti. Kwenye kilima cha mwisho niliona nyota mchana. Nikawa wa nne.

Nilidhani mzee atafurahi. Alishuka kwenye pikapu, akagusa kiti cha Gaju kwa kiganja. Kilikuwa baridi. Akasema mbele ya watu wote, "Kilometa zote hizo, hata mara moja haukuikalia. Nyumba yangu haukai. Benchi yangu haukai. Sele yangu haukai. Bon. Nimeelewa." Akamwambia Liliane aingie kwenye gari. Liliane hakunitazama.

Swali lako nalijibu kwa sababu sina tena cha kupoteza. Inakaa. Tangu mwezi wa nne inakaa hadi kesho yake, na kesho kutwa. Asubuhi naamka na mwili wangu hauna habari nami. Ndiyo maana nilisogeza sherehe. Ninaogopa, Shangazi. Ninaogopa nitamwoa Liliane kisha nitakuwa mume wa jina tu. Nampenda kiasi kwamba naona heri anichukie kwa kukosa adabu kuliko ajue hili.

Leo mchana nimekwenda kwa muuguzi. Alikuwa mama mtu mzima, hakucheka. Alisema mshipa umebanwa muda mrefu, niache baiskeli kabisa kwa wiki nne, kiti kile nisikikalie tena maishani, na hali isipobadilika nirudi nimwone daktari. Kisha akaniuliza, "Mke wako anajua?" Nikasema sina mke. Nilipotoka nikaona hilo linaweza kuwa kweli moja kwa moja.

Manzi


Kayanga, 4 Septemba 1999

Mwanangu Manzi,

Nimeketi kuandika barua hii mara tatu. Mbuzi wazima, kahawa tumeuza.

Uliniuliza bila kuuliza nimeyajuaje mambo ya kiti. Mjomba wako Habimana, mume wangu, unamkumbuka kidogo. Alikuwa katekista. Alizunguka vigango kumi na viwili kwa baiskeli ya misheni, miaka mingi, mvua na jua. Tulipooana tulikuwa watu wa kucheka. Mwaka wa pili akaanza kulala amenipa mgongo. Nikimgusa anasema amechoka. Miaka kumi na mmoja, Manzi, alikuwa amechoka. Watu wakasema Resty ni mgumba, na mimi nikawaamini. Nikajiona nina kasoro, labda naongea sana, labda nanuka vitambaa vya watu. Nilibadilisha sabuni. Nilinunua kitenge kipya. Nilikwenda kuombewa.

Alipofariki nilikuta kwenye sanduku lake daftari la watoto wa shule. Nikadhani ni mahubiri. Lilikuwa la kiti. Ameandika tarehe na vipimo. "Leo nimeshusha pua kidogo, nafuu." "Leo nimepima mifupa kwa udongo." "Ganzi siku tatu." "Nimesimama kila kilima, nafuu kubwa." Yote niliyokuandikia ni maneno yake, mimi nimeongeza blanketi tu. Alipata dawa yake mwenyewe, peke yake, mwaka wa tisa. Lakini kwa wakati huo tulikuwa tumeshazoea kulala migongo, na hakuna aliyejua jinsi ya kugeuka.

Sisemi kiti ndicho kilichotunyima watoto. Hilo analijua Mungu. Nasema nililala miaka kumi na mmoja kando ya mtu aliyekuwa na hofu, nikidhani hanitaki. Ile methali niliyokuandikia kwa mzaha ilikuwa imenipiga mimi kwanza.

Usiende kwa Bahizi. Nenda kwa Liliane. Mwambie yote, kwa majina yake, kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote. Akicheka, mwache acheke. Akikuacha, ameacha mtu aliyesema kweli. Lakini usimfanye kama nilivyofanywa mimi.

Nimemkabidhi Jack, nimemwambia barua hii isipofika kwa wiki moja, asinisalimie tena.

Shangazi yako akupendaye, Resty


Gisenyi, 3 Oktoba 1999

Shangazi wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Sikujua. Nilikuwa nakuona unacheka tu na mbuzi zako. Nimesoma barua yako nikakaa na Mutoni, nikamwonyesha, nisamehe. Alilia, na hakutaja kosa hata moja la mwandiko.

Nilikwenda Rubona kwa miguu. Liliane alikuwa anaanika dagaa ufukweni. Nilisimama mbele yake nikasema yote, kwa majina yake, kama nasoma orodha ya bidhaa. Kiti, ganzi, pilipili, ziwa, saruji, mbio, hofu. Nilisema kila kitu nikitazama dagaa.

Hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo si mi?"

Nikasema, wewe vipi? Akasema, "Miezi mine, Manzi. Kila Dimanche unakuja, unasimama, unaangalia ziwa, hauniangalie. Unasogeza date. Mi nilisema ameona kitu ju yangu. Nilimuuliza mama kama nimenona." Hapo ndipo alipoanza kulia, na mimi nikalia, na wale wavuvi walionibatiza walikuwa palepale wakitutazama.

Akafuta macho kwa kiganja chenye magamba. Kisha akasema, "Kuja." Akanivuta hadi nyumbani, akaingia sebuleni ambako mzee alikuwa anasikiliza redio, akaizima. Akasema, "Papa, ile sele yako iliua mwili ya Manzi. Hakukataa nyumba yetu. Hawezi kukaa. Na ile saruji ni yeye."

Nilitamani ardhi ipasuke. Verediane alikuwa amesimama hapo na ndoo ya maji. Mzee alimtazama, yeye akatazama dari. Kisha mzee akavua kofia.

"Mi pia," akasema.

Shangazi, ile baiskeli hakuinunua. Alipewa na baba yake Verediane mwaka alipoposa, na kiti kilekile, kwa pombe na mashahidi. Zile mbio za Sake alizimaliza amesimama kama mimi. Ganzi ilimkaa mwaka mzima, hakumwambia mtu, na hakuweza kukitoa kiti kwa sababu ya heshima ya mkwe. Mkwe alipofariki akaitundika ukutani miaka ishirini. Nikamuuliza, baba, kwa nini basi ulinipa mimi? Akajibu, "Nilifikiri ni mi tu niko na tako mubaya. Ningeuliza nani?" Na yule mkwe wake naye, Verediane amekumbuka sasa, kila mara alikunywa pombe kwa kusimama.

Verediane aliweka ndoo chini akasema, "Yewe! Na mi nilikuzalia batoto tisa juu ya hiyo kimya!" Hapo tulicheka wote hadi jirani wakaja. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa nimeshika ile hesabu. Watoto tisa, baada ya ganzi ya mwaka mzima.

Spana ilitoka mfukoni. Mzee alikitoa kiti yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mbele yetu kama mashahidi, nami nikamshukuru kwa hotuba kama mtu aliyepewa ng'ombe mara ya pili. Kile kipana cha Karenzi kimefungwa, kiko sawa na maji. Bado sijakikalia, wiki nne za muuguzi niliziongeza zikawa saba. Na hali imebadilika. Jinsi ninavyojua usiniulize, jambo hili nimelisema kwa Liliane tu.

Gusaba ni tarehe 20 Novemba. Benchi la saruji lipo, mzee amekataa lisawazishwe. Ukoo wetu huku ni mimi na Mutoni na watu wawili wa kuazima. Tunahitaji shangazi. Najua hujavuka mpaka tangu ulipouvuka ukiwa msichana, na sijawahi kukuuliza kwa nini. Sasa nauliza.

Manzi wako


Kayanga, 24 Oktoba 1999

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Tuko wazima. Mbuzi nimewauza.

Sikuvuka kwa sababu niliogopa kurudi mikono mitupu, bila mume, bila mtoto, watu wa nyumbani wakinihesabu. Hakuna kingine. Nimekiandika na sioni kama kimeniua.

Nitafika tarehe 17 kwa basi la Kigali, nina kitenge cha Liliane na kaptula tatu za rafiki zako. Mwambie Bahizi namletea na yeye moja.

Jana nilikwenda kaburini kwa Habimana. Nilichukua barua yako nikamsomea yote, tangu dagaa hadi watoto tisa, kwa sauti, hakukuwa na mtu. Pale mzee aliposema "mi pia" nilimsomea mara mbili. Nikamwambia, mume wangu, ungesema tu, tungecheka. Kisha nikang'oa majani yaliyoota pembeni na nikarudi nyumbani kufunga mizigo.

Shangazi yako, Resty